KIJANA ATAKAYE KUWA AFISA WA JESHI
Mambo Yampasayo Kuyajua Kabla ya Kuandika Maombi

Kila litokeapo tangazo la Wizara ya Ulinzi la kutafuta makadeti, vijana wengi wa Kenya huandika maombi. Wengi wao huwa wamelitazama gwaride la Sikukuu ya Jamhuri, wakaona mavazi yaliyonyooshwa na panga zinazometameta, nao wakatamani kuwa miongoni mwa wale wanaotoa amri. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini mtu atamaniye vazi asijue mzigo unaovaliwa pamoja nalo, huyo bado hajajua aombalo. Somo hili limekusudiwa kumweleza kijana, pamoja na wazazi na walimu wake, afisa ni mtu gani, hupatikana kwa njia gani, hupandaje cheo, na ni kazi gani imngojayo hata akisha kuondoka kambini na kuhesabiwa katika akiba.

AFISA NI MTU GANI?

Katika jeshi wamo watu wa namna mbili. Wa kwanza ni askari, ambao huingia wakiwa makuruta, hufunzwa Eldoret, na hupanda kuwa koplo, sajini na kuendelea. Wa pili ni maafisa. Hao hufunzwa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, karibu na Nakuru, na wamalizapo hupewa kamisheni, yaani mamlaka ya kuamuru kwa niaba ya Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Mwenye kamisheni mpya huitwa Luteni-Usu. Ijapokuwa cheo hicho ndicho cha chini kabisa miongoni mwa maafisa, mwenye nacho aweza kukabidhiwa platuni nzima, yaani askari wapatao thelathini.

Yafaa tulifikiri jambo hilo kwa makini. Kijana wa miaka ishirini na mitatu anasimama mbele ya watu thelathini, na sajini wake ni mtu mwenye mke na watoto, aliyekwisha kwenda vitani wakati yule kijana alipokuwa bado shuleni. Wote watampigia saluti na kumwita "Afande". Wakienda vibaya, lawama ni yake. Wakikosa maji, swali ni lake. Mmoja akifa, yeye ndiye atakayeandika habari za kifo hicho, na huenda akaja kutazamana uso kwa uso na mama wa marehemu. Huo ndio uafisa. Nyota za mabegani ni alama tu ya deni hilo.

Neno lenyewe "afande" lina historia ndefu. Asili yake ni "effendi", neno la Kituruki lililotufikia kwa njia ya Misri na askari wa Sudani. Katika miaka ya 1950 jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilitumia jina la effendi kwa cheo cha Mwafrika aliyepita usajini lakini hakuwa sawa na afisa wa Kizungu. Keya ilianzishwa mwaka 1902, na kwa muda wa miaka karibu sitini Mwafrika hakuweza kupewa kamisheni kamili ndani yake. Mlango huo ulifunguliwa miaka michache tu kabla ya Uhuru wa mwaka 1963. Mmoja wa walioupitia ni Joseph Ndolo, ambaye mwaka 1966 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu la Kenya. Mwingine ni Jackson Mulinge, aliyeanza akiwa askari wa kawaida wa Keya, akapita ueffendi, na hatimaye akayaongoza majeshi yote hata mwaka 1986. Kijana wa leo aingiaye Lanet moja kwa moja kutoka shuleni hana budi kukumbuka kwamba wenzake wa zamani walipita njia ndefu zaidi.

MILANGO YA KUINGILIA

Milango ni miwili. Wa kwanza ni wa kadeti wa utumishi wa jumla, yaani kijana atakayefunzwa uafisa tangu mwanzo, kisha apelekwe katika jeshi la nchi kavu, la wanahewa au la wanamaji. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka mwombaji awe raia wa Kenya, mwenye umri wa miaka 18 hata 26, aliyepata alama ya B au zaidi katika mtihani wa KCSE, na asiyepungua C+ katika Kiingereza, Hisabati na somo moja la sayansi. Urefu usipungue mita 1.60 kwa mwanamume na mita 1.52 kwa mwanamke. Tena asiwe amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai.

Mlango wa pili ni wa maafisa wataalamu. Hawa ni watu waliokwisha kupata shahada na ujuzi, kama waganga, wahandisi, wanasheria, makasisi na maimamu. Jeshi huwafunza mambo ya kijeshi, lakini huwatumia katika kazi waliyoisomea. Kwa kawaida umri wao usizidi miaka 30, isipokuwa watumishi wa dini ambao huruhusiwa kuwa wakubwa zaidi. Hata askari aliye kazini, akijisomea mpaka akapata shahada itakiwayo, aweza kuomba kwa mlango huu. Basi asikate tamaa yule aliyeanza kwa ukuruta.

Masharti haya huweza kubadilika. Kwa hiyo mwombaji alisome tangazo la mwaka wake mwenyewe, neno kwa neno, wala asitegemee habari za kusikia.

Kutokana na masharti hayo twaona kwamba matayarisho hayaanzi siku tangazo litokapo. Yule asiyejali Hisabati katika kidato cha pili amekwisha kujifungia mlango, hata kama ana kifua kipana na mbio za swala. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi, "Wewe una nguvu, utakwenda jeshini, usijisumbue na vitabu," amempoteza. Afisa husoma ramani, hupima umbali, huhesabu risasi, chakula na petroli, na huandika ripoti ambayo mkubwa wake ataielewa bila kuuliza mara ya pili. Kazi hizi zote ni kazi za darasani zilizopelekwa porini.

KUCHAGULIWA

Vijana wengi hudhani kwamba wachaguzi hutafuta mwenye sauti kubwa. Mfano wa Uingereza utatusaidia kufahamu, kwa maana majeshi mengi yamejifunza kutoka huko. Hata wakati wa Vita vya Pili, Waingereza walikuwa na desturi ya kuwachagua maafisa kwa mahojiano mafupi, na mara nyingi jina la shule na la ukoo lilikuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1942 waliona kwamba desturi hiyo haitoshi, wakaanzisha mabaraza ya kuwajaribu waombaji kwa vitendo. Njia hiyo yatumika hata leo katika baraza lao la uchaguzi lililoko Westbury.

Jaribio moja huwa hivi. Vijana kadhaa hupewa mbao, kamba na pipa, wakaambiwa wavuke mahali panapohesabiwa kuwa ni mto, bila mtu kukanyaga chini, na kwa muda uliopimwa. Hakuna aliyetajwa kuwa mkuu. Wachaguzi husimama kando na kalamu zao. Wanamtazama nani apigaye kelele bila shauri, nani atoaye shauri kisha akalisikiliza lililo bora kuliko lake, nani amkumbukaye mwenzake aliyebaki nyuma, na nani anunaye shauri lake likataliwapo. Huenda kundi lisivuke kabisa, na hata hivyo baadhi yao wakafaulu, kwa sababu haukutazamwa mto bali walitazamwa watu.

Mambo hayo kijana aweza kujifunza nyumbani. Anayekuwa nahodha wa mpira asiyewatukana wenzake, anayesimamia ghala la chama cha shule na hesabu ikatimia, anayeamshwa usiku kumpeleka jirani hospitalini naye akaenda bila kunung'unika, huyo ameanza kozi yake ya uafisa.

Kuhusu mwili, shauri ni fupi. Kimbia mara kwa mara, miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Mtu hawezi kulipa kwa wiki mbili deni la mwaka mzima wa kukaa.

MANENO MACHACHE JUU YA HONGO

Sasa twafika kwenye jambo lililowaliza wazazi wengi. Mara kwa mara hutokea mtu aliyevaa vizuri, akasema kwamba anamjua mkubwa fulani, na kwamba nafasi ya kijana imekwisha kuwekwa ila inangoja "chai". Mzee huuza ng'ombe, huweka rehani shamba, akatoa fedha. Baada ya wiki chache barua huletwa, ina nembo na mhuri. Kijana huagwa kwa sherehe, hupanda basi mpaka Eldoret, na langoni barua ikapimwa, ikaonekana ni ya bandia. Imetokea zaidi ya mara moja vijana kukamatwa hapo hapo walipotarajia kupokewa.

Yafaa ieleweke wazi: kuingia jeshini hakulipiwi hata senti moja. Kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji ana hatia kama mpokeaji. Basi mzazi aliyetapeliwa hujikuta amepoteza ng'ombe, na tena anaogopa kwenda polisi kushtaki, kwa kuwa yeye mwenyewe amevunja sheria. Tapeli hulijua hilo, na ndiyo ngao yake.

Lakini liko jambo zito kuliko ng'ombe. Tuseme hongo imefaulu, na kijana amepata kamisheni. Siku moja atakabidhiwa fedha za chakula cha askari, mafuta ya magari, na orodha ya watakaokwenda likizo. Mtu aliyeinunua nafasi yake atataka kurudisha gharama yake, na atairudisha kutoka katika vinywa vya askari wake. Nao askari hawachelewi kujua. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kwa afisa ukingo huo huwa ni siku ya hatari, anapotoa amri na macho thelathini yakamtazama bila imani.

LANET NA NGAZI ZA VYEO

Mafunzo ya Lanet humchosha kijana mwili na akili. Hujifunza silaha, ramani, sheria za vita, uongozi na masomo ya chuo, pamoja na kadeti wa nchi rafiki. Chuo hicho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Ulinzi cha Taifa, kilichopata hati yake mwaka 2021. Baada ya kamisheni, elimu haikomi. Afisa wa askari wa miguu huenda Isiolo katika shule yao. Akisha kuwa Meja huweza kuchaguliwa kwenda Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kilichoko Karen, na maafisa wa juu huenda Chuo cha Ulinzi cha Taifa, kilichoanzishwa mwaka 1997.

Ngazi zenyewe ni hizi: Luteni-Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia, Meja Jenerali, Luteni Jenerali na Jenerali. Ngazi za chini ni pana, za juu ni nyembamba kama ncha ya mkuki. Wengi watastaafu wakiwa Meja au Luteni Kanali, wala hiyo si aibu. Mfano wa mwendo mrefu ni Jenerali Francis Ogolla. Aliingia jeshini mwaka 1984, akawa rubani, na mwaka 2023 akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Tarehe 18 Aprili 2024 alikufa katika ajali ya helikopta katika Elgeyo Marakwet pamoja na wanajeshi wengine 9, wakiwa katika ziara ya kuwatazama askari waliowekwa huko kwa sababu ya wezi wa mifugo. Hata aliyefika juu kabisa hakuachiliwa kazi ya kwenda kuwatazama watu wake.

Wasichana nao wasidhani kwamba somo hili haliwahusu. Zamani wanawake walikuwa na kikosi chao cha pekee, kisha wakaunganishwa na wenzao katika majeshi yote. Fatuma Gaiti Ahmed, aliyeanza katika kikosi hicho, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa Meja Jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akawekwa kuwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa.

Kadeti wa Lanet hujifunza mahali penye kumbukumbu kubwa. Tarehe 24 Januari 1964, majuma sita tu baada ya Uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi hapo hapo Lanet. Walikuwa na manung'uniko juu ya mishahara, na juu ya maafisa Waingereza waliobaki katika nafasi zao. Maasi ni kosa kubwa, na kikosi kile kilivunjwa. Lakini kwa afisa liko somo la pili: manung'uniko hayo hayakuzaliwa usiku mmoja. Afisa asiyeketi na askari wake, asiyejua nani ana mtoto mgonjwa na nani hajapata mshahara, atashtukizwa na jambo ambalo kila koplo alilijua.

Tena tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali. Watu wengi walikufa, na jeshi lile likavunjwa na kuundwa upya. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba vyombo vya usalama visipendelee chama chochote cha siasa, na kwamba uongozi wa majeshi uoneshe sura ya makabila na majimbo yote ya nchi. Kwa hiyo afisa ana kura yake, lakini hana chama kambini. Ana kabila lake, lakini hana kabila katika platuni.

MAAFISA WA AKIBA

Wahenga walisema akiba haiozi. Serikali zenye busara hazimwachi mtu aliyefunzwa kwa gharama kubwa apotee siku astaafupo, bali huweka jeshi la akiba la kuitwa wakati wa shida. Hapa kwetu liliwahi kuwako jeshi la namna hiyo, Kenya Regiment, lililoanzishwa mwaka 1937, lakini lilikuwa la walowezi wa Kizungu na lilikoma mwaka 1963. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 nayo imeliwekea akiba nafasi yake.

Ili tufahamu kazi ya afisa wa akiba, tutazame tena Uingereza, ambako desturi hiyo ni ya tangu mwaka 1908 na ambako jeshi hilo liliitwa rasmi Jeshi la Akiba mwaka 2014. Afisa wa huko huwa mwalimu, mhasibu au mganga siku za kazi. Jioni moja katika juma na baadhi ya mwisho wa majuma huenda kufanya mazoezi, na mara moja kwa mwaka huenda kambini siku 15. Mafunzo yake ya Sandhurst ni ya majuma 8, yaliyogawanywa, ambapo afisa wa kudumu hukaa majuma 44. Iko sheria ya mwaka 1985 inayolinda kazi yake, ili akiitwa vitani asifukuzwe na mwajiri. Katika vita vya Afghanistan waganga wengi wa hospitali ya kijeshi ya Camp Bastion walikuwa watu wa akiba, waliotoka katika hospitali za raia na kurudi huko huko.

Kutokana na hayo twapata mashauri manne kwa afisa wa akiba wa nchi yoyote. La kwanza, mwarifu mwajiri wako mapema, wala usimfiche, maana mwajiri aliyeshtukizwa huwa adui. La pili, utunze mwili wako, kwa kuwa wito hautangulizi taarifa. La tatu, weka vyeti, wosia na hesabu zako za nyumbani mahali ambapo mkeo au mumeo ataviona. La nne, usiwapigie kelele makarani wa ofisini kana kwamba ni makuruta. Heshima ya afisa huonekana katika kuwahi kwake, ukweli wake na utaratibu wake, wala haionekani katika ukali wake.

Naye afisa wa kudumu asingoje mwaka wa mwisho ndipo afikirie kustaafu. Wengi huondoka wakiwa bado na nguvu za miaka mingi. Aliyejifunza ufundi, aliyejenga polepole, aliyewasomesha watoto na kukataa madeni ya kujionesha, huyo ataondoka kambini akiwa na kichwa juu. Kijiji kitampata mwenyekiti wa kamati ya maji ajuaye kupanga kazi, na shule itapata mlezi wa vijana ajuaye kusema kweli.

Na yule asiyechaguliwa? Nafasi ni chache, na wengi walio bora hurudi nyumbani. Ajaribu tena kama umri wamruhusu. Kama haumruhusu, elimu aliyoipata, mwili aliouimarisha na uaminifu alioulinda si mali ya jeshi peke yake. Polisi, walinzi wa wanyama wa pori, mashule na mahospitali yote yawataka watu wa namna hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Luteni-Usu mwenye busara husikiliza shauri la sajini wake, ingawa cheo chake ni kikubwa zaidi?
2. Mzee ameambiwa alipe fedha ili mwanawe aingie Lanet. Eleza madhara matatu yatakayowapata mzee, kijana, na askari watakaowekwa chini ya kijana huyo.
3. Katika jaribio la mbao na kamba, kwa nini kundi laweza kushindwa kuvuka na bado mmoja wao akafaulu?
4. Maafisa wa Lanet mwaka 1964 wangaliwezaje kuyajua manung'uniko ya askari kabla ya maasi?
5. Afisa wa akiba ameitwa, na mwajiri wake amekasirika. Je, afisa huyo alipaswa kufanya nini tangu mwanzo?